Serikali ilitutengea pauni kumi za kujenga chumba cha kina mama Kakuma, nikadhani tumetukanwa

Wakuu, habari za mchana.

Wadogo wote nawaitikia marahaba mapema, maana sidhani humu ndani kuna mtu wa kupokea shikamoo yangu. Nimepita sabini, simu hii nimefundishwa na mjukuu, nikibonyeza vibaya mnisamehe.

Wiki nzima nimesoma nyuzi zenu za bajeti. Kila mtu analia kwamba kwao wamepewa peanuts, yaani vijisenti. Nimecheka peke yangu mpaka mjukuu akauliza kama niko sawa.

Nataka kuwaambia jambo nililoliona kwa macho yangu Turkana, miaka ya sabini. Chumvi sitaongeza. Nilichosahau nitasema nimesahau.

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma. Nilipomaliza kozi ya uchapaji nikapewa kazi ya serikali, nikafurahi, halafu nikasoma barua vizuri: Lodwar, makao ya wilaya ya Turkana. Mama yangu alilia kama ninapelekwa vitani.

Nilikuwa taipa wa ofisa wa mipango ya wilaya, kijana aliyetoka chuo, suruali ina mkunjo hata kwenye jua lile. Nitamwita Bosi tu. Kazi yangu ilikuwa kuchapa kila karatasi iliyotoka ofisini kwetu. Na wakuu, taipa anajua kila kitu. Mkubwa anasahau alichosaini, mwenye kukichapa hasahau.

Sasa, bajeti inatengenezwaje? Wengi mnadhani waziri anakaa na kalamu usiku mmoja, asubuhi anabeba mkoba anaenda Bunge. Hapana.

Inaanza miezi mingi kabla. Hazina inatuma waraka kwa wizara, wizara zinatuma wilayani: semeni mnataka nini mwaka ujao, fomu ni hizi, mwisho wa kurudisha ni tarehe fulani. Ule waraka ulipofika Lodwar ofisi nzima ilichangamka. Maji wanataka pampu, barabara wanataka trekta, mifugo wanataka dawa ya kuogeshea. Kamati ya wilaya inakaa, inagombana, inapanga nani wa kwanza nani wa mwisho.

Mwaka ule Kakuma waliomba chumba kimoja tu.

Mwenye kuomba alikuwa Akiru, nesi wa zahanati ya Kakuma, Mturkana wa palepale, rika langu. Zahanati ilikuwa na chumba kimoja. Mwenye kidonda yuko hapo, mwenye malaria yuko hapo, na mama anayejifungua yuko hapo hapo nyuma ya shuka. Kina mama wengi walikuwa wakiona wanaume wamejaa mlangoni wanageuza, wanaenda kuzalia nyumbani, na mambo yakiharibika wanaletwa wakiwa wamechelewa.

Akiru aliniambia wazi kwamba amechoka kuwapoteza kwa ajili ya shuka. Mwaka ukiisha bila chumba, anaomba uhamisho Kitale. Na akiondoka, Kakuma haina nesi mwingine.

Nilimwahidi. Taipa mimi, mshahara wa chini kuliko wote, nikamwahidi mtu chumba cha serikali. Ujana ni kitu kingine.

Ile fomu niliichapa mara tatu ili isiwe na hata doa moja. Kamati ikapitisha. Karatasi zikaenda Nairobi, wizarani. Huko wizara inajumlisha maombi ya nchi nzima, inapunguza. Halafu inaitwa Hazina kujieleza, Hazina nayo inapunguza. Halafu Baraza la Mawaziri. Yaani ombi lako linapita kwa wanyoaji kadhaa, na kila mmoja ana wembe.

Siku ya hotuba ya bajeti, mwezi wa sita, tulijazana kwenye hoteli ya chai yenye redio ya betri. Nilivaa gauni la kanisani. Msicheke.

Nilikuwa nangoja waziri aseme Kakuma!

Kweli kabisa, nilidhani atasoma miradi yote, mmoja mmoja. Akasema ya uchumi, akasema ya mafuta, wenzangu wakangoja bei ya bia na sigara, zilipotajwa wakaguna, wakaondoka. Nikabaki na redio na mwenye hoteli, nangoja. Wimbo ukaanza. Mwenye hoteli akaniuliza kama kuna ndugu yangu aliyekuwa atangazwe.

Bosi ndiye aliyenieleza kesho yake, akijizuia kucheka, kwamba miradi iko kwenye kitabu. Hotuba ni ya kutangaza kodi na sera. Kitabu cha Makadirio ndicho chenye kila mstari, na Bunge linakaa wiki kadhaa kukipitia, fungu kwa fungu, wizara kwa wizara. Kwa kuwa mwaka wa serikali unaanza Julai kabla hawajamaliza, wanaruhusu kwanza sehemu ya pesa itumike kazi zisisimame. Wakimaliza mafungu yote wanapitisha sheria, ndipo bajeti inakuwa bajeti.

Kitabu kikafika Lodwar kwa lori, kimechelewa, kona zimeliwa. Nilikichukua kabla ya Bosi kukigusa. Nikatembeza kidole ukurasa kwa ukurasa. Afya. Maendeleo. Turkana. Kakuma, chumba cha kina mama.

Kipo! Nilipiga kelele.

Halafu nikafuata mstari mpaka upande wa namba. Imeandikwa 10.

Wakati ule makadirio yalikuwa kwa pauni za Kenya, pauni moja shilingi ishirini. Pauni kumi ni shilingi mia mbili. Tuliomba maelfu. Mia mbili hata kwa paa la choo hazitoshi.

Nilimwonyesha Bosi. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema afadhali wangetuambia hapana kuliko kutufanyia mzaha. Akaandika kwenye faili P.A. Watu wa ofisi za zamani wanajua hizo herufi. Maana yake faili lirudi kabatini, limekwisha.

Nilitaka kulia, wakuu. Nikaomba ruhusa nipande lori la dawa nikamwambie Akiru mwenyewe, maana ahadi niliitoa kwa mdomo wangu.

Njia ya Kakuma enzi hizo, ukifika hujui sura yako kwa vumbi. Nilimkuta Akiru nyumbani kwa mama yake. Huyu mama tulimwita Mama Akiru, alikuwa anauza tumbako na ngozi, mwembamba, mdomo mkali. Na alikuwa ananichosha! Kila nikienda, kabla ya salamu yao, ejok, kuisha, ananyoosha mkono. Ejok, nipe tumbako. Ejok, nipe sukari. Nipe hiyo skafu. Mimi kwetu nimelelewa kwamba kuomba ni aibu, kwa hiyo nilimwona mama wa kuombaomba tu.

Nikawaeleza. Akiru akaanza kukunja aproni yake mikunjo midogo midogo. Nilijua anafikiria Kitale.

Mama Akiru akauliza mara mbili ili ahakikishe. Serikali imeombwa, ikatoa kumi? Haikusema hapana?

Nikamwambia haikusema, lakini kumi si kitu.

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto asiyejua kufunga kamba.

"Ekai yangu wakati nataka kuoa, nakwenda Lopur kuomba mzee moja ngamia," akasema. Ekai ni kaka yake Akiru. "Huyo mzee napea yeye mbuzi moja, mgonjwa. Ekai narudi hapa nalia kama wewe. Mimi nachapa yeye. Mtu ya kukataa hapeani hata kwato. Huyo ya kupeana kidogo naambia wewe: rudi."

Ekai alirudi Lopur mara tatu. Ngamia alipatikana.

"Wewe naomba mara moja, halafu nafunga mdomo," akamalizia. "Rudi. Lakini usirudi mkono tupu, peleka kitu ya kuonyesha."

Wakuu, mwili ulinisisimka. Huyu mama hakuwahi kuona ofisi ya Hazina hata kwa picha.

Asubuhi yake akina mama wa pale, walioitwa na Mama Akiru, walishaanza kubeba mawe kutoka laga ya Tarach, ule mto mkavu unaopita mjini. Mawe upande huu, mchanga upande ule, kando ya zahanati. Akiru akapima kiwanja. Utepe wa kupimia haukuwepo, akapima kwa bandeji ya kuviringishwa, mimi nashika mwisho, baadaye tukapima bandeji yenyewe kwa rula ya shule. Nilirudi Lodwar na vipimo vyote kwenye karatasi na furaha ya kichaa.

Nikachapa barua kabla ya kuruhusiwa. Nikaieleza rundo la mawe, mchanga, kiwanja, na nikauliza kwa heshima zote: hizi pauni kumi maana yake nini? Nikaiweka mbele ya Bosi katikati ya barua nyingine. Akaisoma, akanitazama, nikajua leo ninarudi Bungoma. Akachukua kalamu akasaini. Na lile faili lenye P.A. akaenda kulitoa kabatini mwenyewe.

Jibu la wizara lilikuja kwa redio ya mawasiliano ya ofisi, wiki kadhaa baadaye.

Ile kumi kumbe inaitwa token. Hazina ilikataa kutoa pesa kwa sababu mradi haukuwa na mchoro wala uthibitisho wa kiwanja, lakini wizara ilipigana jina lisifutwe. Ukiweka pauni kumi, mstari unabaki hai kitabuni. Katikati ya mwaka serikali inapeleka Bungeni makadirio ya nyongeza, na mstari uliokwisha kuwepo unaongezwa kwa urahisi. Asiye na mstari anaanza upya mwaka ujao.

Yaani mbuzi mgonjwa wa Lopur! Vilevile!

Kulikuwa na shida moja. Mchoro na barua ya kiwanja vifike wizarani kabla ya Ijumaa, baada ya hapo nyongeza inafungwa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Karani wa ujenzi alichora siku nzima, mimi nampepea kwa faili jasho lisidondoke kwenye karatasi. Jumatano asubuhi bahasha yenye mchoro na barua ya kiwanja iko tayari, na habari ikaja kwamba laga za njia ya Kitale zimejaa. Lori la barua limekwama upande wa pili.

Bosi alikaa chini akashika kichwa. Mimi nikakumbuka watalii wanaokuja na ndege ndogo kuvua samaki Ferguson's Gulf, kwenye Ziwa Turkana. Nikapata lori la samaki linalokwenda Kalokol, jirani na hapo, likiwa tupu, nikapanda. Tupu ya samaki, harufu ilikuwa imejaa.

Rubani alikuwa mzungu mrefu, anapakia mizigo. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kozi. Akasema pole sana, ndege imejaa, na barua za serikali yeye hazimhusu. Kisha akaniona nilivyochomwa na jua, akafungua kreti akanipa soda.

Nilikunywa ile soda nikiwa na hasira, nikaanza kuondoka. Nikafika nusu ya njia.

Nikasimama. Amenipa soda!

Nikarudi. Nikamwomba tena. Akasema hapana. Nikamweleza habari ya shuka, na kina mama wanaogeuza mlangoni, na mawe waliyobeba. Nikaomba mara ya tatu. Akacheka, akanyoosha mkono, akaingiza bahasha ndani ya shati lake.

Bosi akapiga redio, tarishi wa wizara akaipokea bahasha uwanja wa ndege Nairobi Alhamisi.

Baada ya miezi kitabu cha nyongeza kikaja. Kitabu chembamba. Kakuma, chumba cha kina mama, na pesa karibu yote tuliyoomba, Bunge limepitisha. Nilipanda juu ya kiti nikasoma kwa sauti ofisi nzima isikie, Bosi akapiga makofi mpaka mkunjo wa suruali ukasahaulika.

Nilikwenda Kakuma na lori la kwanza. Akiru alinikumbatia akanibeba juu, na mimi si mwepesi. Kitale haikutajwa tena.

Mama Akiru alinyoosha mkono kama kawaida. Safari hii nilikuwa nimebeba tumbako, pakiti nzima. Akanusa, akaifunga kwenye shuka lake, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anipongeze.

"Ni vizuri," akasema. "Sasa omba maji."

Wakuu, hata ukuta wa kwanza ulikuwa haujasimama!

Lakini waraka wa mwaka uliofuata ulipofika nilichapa fomu ya maji ya Kakuma, na mchoro nikauambatanisha mapema. Chumba kilikuwa kimeshaezekwa, na kina mama hawageuzi tena mlangoni. Kitabu kilipokuja, nikatembeza kidole. Maji, Kakuma: 10.

Nilipiga vigelegele. Ofisa mpya aliyekuja baada ya Bosi kuhamishwa alitoka mbio akidhani nimeng'atwa na nge.

Nilichojifunza ni hiki. Bajeti ni kuombana, kutoka laga ya Tarach mpaka Bungeni, na wengi tunakosa kwa sababu tukipewa kidogo tunanuna tunaenda zetu. Kabla hujatukana peanuts za kwenu, fungua kitabu uone kama mstari upo. Kama upo, kusanya mawe yako urudi.

Haya, nimechoka vidole. Nani hapa amewahi kupewa soda akadhani amenyimwa? Semeni, leo ninasoma zote, na wale wa matusi pia nawasubiri na miwani yangu.