Mabuti ya Kule, Mchota Chumvi

Siku ya kwanza kazini, pale Bwera, sikuruhusiwa kushika kisu. Mwenye karakana, fundi kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, tuliyemwita Patro, alinipa buti lililokwisha kushonwa. Aliniambia nilijaze majivu makavu, kisha nilisimamishe kwenye beseni la maji ya chumvi kutoka ziwa la Katwe. Tulingoja hadi jioni. Nililichungulia mara kwa mara kana kwamba nimelishona mimi.

"Majivu ikilowa, unapasua yote, mutoto," alisema. "Hakuna kuziba. Chumvi itapita tu."

Ndiyo iliyokuwa desturi yetu kwa mabuti ya wachota chumvi. Wao hushinda wamesimama ziwani, na maji yale hula misumari, hula uzi, kisha huhamia mguuni. Kwa hiyo soli hatukuipigilia misumari. Tulitoboa kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini, tukakaza kwa vijiti vya mti mgumu na uzi uliopakwa nta. Ngozi tulichagua ya mgongo wa ng'ombe, maana ya tumbo hulegea. Ninyi vijana wa kubandika gundi mtanicheka. Chekeni, lakini mimi sikuonja chakula buti likiwa majini.

Patro aliporudi kwao nilihamia Kasese, upande wa Bulembia, kwa mwanajeshi mstaafu aliyewashonea walinzi wa hifadhi ya wanyama ya Mweya. Tulimwita Afande, na kusubiri hakukujua. Huko ndiko alikonijia Kule, mchota chumvi mwenye kidonda cha siku nyingi kifundoni. Daktari alikuwa amemwambia kwamba chumvi ikiendelea kuingia, mguu utakatwa. Kuacha ziwa hakuweza, kwani kidimbwi chake cha chumvi ndicho kilicholisha nyumba.

Nilimchora miguu kwenye karatasi, kila mmoja peke yake, kwa sababu wa kushoto ulikuwa umevimba. Nikaondoa mishono ya pembeni, nikazungusha kipande kimoja cha ngozi na kukiacha na mshono mmoja tu, nyuma, mbali na kidonda.

"Wewe mama, piga misumari umalize," Afande alisema. "Mutu anangoja."

"Mguu ukikatwa, Afande, utamjibu nini?"

"Mimi nijibu? Wewe ndio umeshona."

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Vijiti nilivipiga vilevile, na majivu yalitoka makavu, lakini bado niliogopa. Beseni halitembei kama mtu ziwani. Kila nilipomwona mtu wa Katwe sokoni nilijificha, nisije nikasikia habari. Mvua zilipokwisha Kule alikuja, akavua buti. Kidonda kilikuwa kimefunga. Nililia mbele ya Afande na sikuona haya.

Sasa nimestaafu, mikono inatetemeka. Mwaka huu Kule amefariki kwa uzee, akiwa na miguu yake yote miwili. Binti yake, Mbambu, amerithi kidimbwi pamoja na yale mabuti. Juzi alikuja kunionyesha.

"Mama, iko nguvu bado. Nimeweka matambara ndani, inanitosha."

Nilimwomba avue. Kisigino kilikuwa kimechubuka, chekundu. Mabuti yalikuwa mazima, soli na mshono, kazi niliyojivunia kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa ikimfungulia mtoto wa Kule kidonda. Tulihangaika maisha yote ili viatu vidumu. Hatukujiuliza vitafanya nini mwenye mguu akishaondoka.

Nilichukua kisu nikayakata yote mawili kabla hajanizuia. Alinitazama kama aliyefiwa mara ya pili. Nikamwambia aweke mguu juu ya karatasi, nikapiga magoti, nikaanza kuuchora kwa mkono huu unaotetemeka.