Imbabura Chumbani

Juzi mvua ilinyesha, mama mukwe akaingiza imbabura, jiko la makaa, chumbani kwa mutoto wangu mchanga, akafunga dirisha. "Shofaje ya umeme ya kupasha chumba joto inakatika, gazi imepotea. Makaa hayatuachi."

Nikakumbuka alasiri moja mtaani Musaga, nikiwa mutoto. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, mama amelala na mdogo wangu mchanga, imbabura katikati yetu. Makaa yalinukia kama kiazi kinachoanza kuungua. Kichwa kilikuwa kizito, kitamu. Nilidhani joto lile linatubembeleza. Leo najua ni hewa ya makaa iliyotulaza, na hiyo haiamshi mutu.

Shangazi alifungua mlango kwa teke, akaibeba imbabura kwa kitenge, akaitupa mvuani. "Munataka kufa wote?" Nililia sana. Nilimchukia kwa kutunyima joto.

Basi juzi nilishika kitenge, nikaitupa imbabura ya mama mukwe uani, ikalia tsss. Binti yangu mkubwa akaangua kilio: "Mama, we mubaya! Mutoto atasikia baridi!"

"Ndiyo, mi mubaya," nikasema, nikifungua dirisha. "Nuna, lakini pumua."