Meli Mbili katika Uwanja wa Mpira

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, baiskeli yangu iligongana na ya mpwa wangu katikati ya uwanja wa mpira, hapa Newala. Uwanja ulikuwa mtupu. Nilichubuka kiwiko. Yeye alikaa mchangani akasema, "Mjomba, umetuzamisha."

Huyu binti wa dada yangu alikuwa mwanafunzi wa unahodha kwenye meli ya mizigo, amekuja likizo ya wiki mbili. Akirudi Dar es Salaam angefanya mtihani wa mdomo kwa mara ya pili, na akishindwa tena, nafasi yake melini angepewa mwingine. Mara ya kwanza alikwama kwenye swali la meli zinazokutana.

Mimi nauza misumari na mabati. Bahari nimeiona Mtwara mara chache. Lakini kwetu mjomba ndiye anayeulizwa habari za watoto wa dada yake, kwa hiyo niliazima kitabu cha mpwa wangu cha sheria za baharini nikakisoma siku nne dukani, na kila sheria nikainakili kwenye daftari.

Sheria ya kwanza ni fupi. Meli mbili za injini zikija uso kwa uso, kila moja inageukia kulia kwake, zipishane kushoto kwa kushoto. Mpwa wangu aliijua kwa maneno. Mtahini alipompa vimeli viwili vya mbao avisogeze mezani, mkono wake ulikwenda kushoto. Sisi tumezaliwa tukipita kushoto, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa gari. Na siku ile uwanjani, baiskeli zikiwa ndizo meli zetu, aliyekosea ni mimi. Yeye aligeukia kulia, mimi niliyeinakili sheria kwa mkono wangu nikageukia kushoto.

Tulirudia jioni tatu, mpaka mikono ikatii.

Sheria ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Njia zikikatana, mwenye kumwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha, mapema na kwa kugeuka sana, apite nyuma. Yule mwingine anashika mwelekeo na mwendo ule ule. Nilimpa mpwa wangu zamu ya kushika mwelekeo. Kila nilipokaribia alifunga breki. Mimi nimepunguza, yeye amesimama, tunatazamana.

"Usisimame. Mimi ndiye ninayepisha."

"Siwezi kukukatiza mbele, Mjomba. Nitaonekana sina adabu."

"Baharini hakuna mjomba."

"Basi ungekuja na kofia nyingine, nisikutambue."

Dada yangu alikuwa amekaa pembeni akichambua kunde. "Nyie wenye vitabu mnachelewesha chakula," alisema. Kisha akamwuliza binti yake, "Ulipokuwa unapandisha maji kutoka bondeni, ndoo kichwani, ulikuwa unampisha nani?"

"Simpishi mtu. Anapisha anayeshuka na ndoo tupu."

"Akiwa mjomba wako?"

"Anapisha."

"Akiwa mkwe?"

Mpwa wangu akacheka. "Hata mkwe, Mama."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Naenda tu, mwendo ule ule. Nikiyumba kumkwepa, naye anakwepa, maji yanamwagika."

"Sasa panda baiskeli."

Safari hiyo alinikatiza mbele bila kugeuza shingo. Nilipita nyuma yake kwa nafasi ya mita tano. Niliandika sheria ile upya kwenye daftari, kwa maneno ya njia ya bondeni, maana kwa maneno ya kitabu nilikuwa sijamfundisha kitu.

Alipiga simu siku ya mtihani, saa saba mchana. Vimeli alivisogeza sawasawa. Mtahini akamwuliza kwa nini meli ya pili isipishe nayo, kwa usalama zaidi. Alijibu kwamba anayepisha amekwisha kupiga hesabu akitegemea mwenzake habadiliki. Labda yule akishindwa kabisa kupisha, hapo ndipo na wewe unafanya kitu.

Amefaulu. Dada yangu alikuwa ametenga nauli na ada ya kuomba kurudia mtihani mara ya tatu, endapo angeshindwa, bila kumwambia mtu. Zimebaki zote, shilingi laki mbili na elfu arobaini.