Mwaka wa Ukonstebo wa Gregory Hobley

Gregory Hobley alikuwa mfumaji wa sufu hapa Coldbourne, Somerset, na mtu wa wivu tangu ujana. Mkewe, Thomasin, alikuwa mcheshi. Akicheka kisimani anasikika hadi kanisani. Kila Gregory aliposikia kicheko hicho aliacha kazi, akachungulia nani kamchekesha. Mara nyingi alikuwa Miles Averey, fundi magurudumu aliyefiwa na mkewe, mrefu, mwenye maneno matamu.

Wivu huo ungeishia chumbani mwao kama mwaka 1611 tusingemchagua Gregory kuwa konstebo, mlinzi wa sheria wa kijiji kwa mwaka mmoja. Wengi waliikimbia kazi ile: haina mshahara, na jirani unayemkamata leo ndiye utakayeketi naye kesho. Gregory aliipokea kwa mikono miwili. Mimi niliishi mlango wa pili. Nilimwona akiing'arisha fimbo ya kazi kwa nta, macho yakiwa kwenye karakana ya Miles.

Jumapili moja ya Mei, wakati wa ibada, alimkuta Miles kwenye nyumba ya bia. Sheria ilikataza kunywa saa hiyo. Wanywaji walikuwa wanne. Gregory alimshika mmoja.

"Na hawa je?" Miles akauliza.

"Hawa sikuwaona."

"Ala! Tuko meza moja, Gregory. Sema tu unaniwinda."

"Twende. Mdomo huo ukaupumzishe kwenye mkatale."

Akambana miguu katikati ya mbao mbili za mkatale mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani. Adhabu yake ilikuwa muda wa saa nne. Saa nne zikapita, Gregory hakumfungua. Mvua ikaanza. Ndipo Thomasin akaja na mkate na jibini, akavua shali yake akamfunika Miles kichwa, sote tukiangalia.

"Toka hapo!" Gregory akafoka.

"Umemfungia nini, mume wangu? Bia, au kunichekesha mimi?"

Watu wakaangua kicheko. Uso wa Gregory ukawa mwekundu kama nyama mbichi. Badala ya kumfungua Miles, akapaza sauti: "Basi muulizeni mke wangu anampa nini huyo mwanamume!"

Mpaka saa hiyo hakuna aliyewawazia mabaya. Kufika kesho yake, kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia.

Jumatano mchana wanakijiji wakaja na sufuria zao. Kwetu mume anayedhaniwa kusalitiwa na mkewe hupigiwa sufuria mlangoni ili adhihakiwe. Mbele alikuwa Dunstan mchinjaji, amevaa gauni kama mke, amepanda farasi kinyumenyume, ameshika mti wenye pembe za kondoo, alama ya mume aliyesalitiwa.

"Konstebo! Inama, pembe zako zisikwame mlangoni!"

Kutawanya fujo ilikuwa kazi ya Gregory mwenyewe. Akatoka na fimbo, akawaamuru waondoke kwa jina la mfalme. Wakazidisha kelele. Bonge la tope likampata kifuani. Akarudi nyuma hadi mlangoni.

Thomasin akampita, akamnyang'anya Dunstan zile pembe.

"Haya, we Dunstan, umeniona na Miles wapi?"

"Mimi? Sijaona kitu, mama. Nimesikia tu."

"Kwa nani?"

Dunstan akamtazama Gregory, akainamisha kichwa.

"Basi hata yeye hajaona kitu. Kijiji hiki mjinga mmoja anatutosha. Nendeni makwenu, na wewe kavue gauni."

Wakacheka, safari hii bila ukali, wakaondoka mmoja mmoja.

Ukuta wetu ni mwembamba. Usiku huo nilimsikia Gregory: "Thomasin, niambie kweli. Wewe na Miles..."

"Bado tu unauliza? Ananichekesha, Gregory. Wewe umenichekesha lini?"



Hakimu alimkaripia Gregory kwa kumzidishia Miles adhabu, naye akamaliza mwaka wake bila kumfunga mtu mwingine. Miles hakumsalimia tena. Baada ya miaka miwili alioa mjane wa mji wa Taunton, akahamia huko. Siku ya kuhama, mimi na Gregory tulisimama barabarani tukitazama mkokoteni wake ukipanda kilima. Nilidhani jirani yangu amefurahi.

"Ameondoka," akaniambia, "wala hajaniambia kama ni kweli."

"Hakukuwa na lolote la kuambiwa, jirani."

Akaniangalia toka juu hadi chini, kama alivyokuwa akimwangalia Miles.

"Na wewe umejuaje?" akauliza.