Kitambaa cha Katikati

Jirani yangu mshonaji huongea na pini midomoni, na nyimbo za Kirusi za shuleni humtoka bila mwenyewe kujua. Sikukuu ya ukombozi wetu kutoka kwa Waturuki ikikaribia, hushona bendera, zetu na za Warusi. Huanza na nyeupe ya juu na nyekundu ya chini, zilizo sawa kwa zote. Kitambaa cha katikati hungoja mteja: cha kijani ni chetu Wabulgaria, cha buluu ni cha Warusi.

Jana alikuja Rangel wa chama cha wazalendo kuagiza bendera za maandamano, sauti imemkauka kwa kupaza "Bulgaria kwanza".

"Changanya, mama. Nusu ya bendera za kijani, nusu za buluu. Mrusi ndiye aliyetukomboa."

"Kweli, hata mimi humwashia mshumaa kanisani. Na bendera ya kushika wewe, mwanangu, nitie kitambaa kipi?"

Rangel akashika cha kijani, akakiacha, akashika cha buluu. Mshonaji akamsogezea chai, akaendelea kukunja pindo la nyekundu, lisilohitaji jibu.