Kipimo cha Mguu Mmoja

Kocha wa klabu ya mbio pale mjini Ballarat hupima mifupa kwa kidole. Mikono yake mikubwa haitoki mifukoni ila kwa ajili ya filimbi, chupa ya chai, au muundi wa mwanariadha anayelalamika. Huugonga mara mbili kama mtu anayechagua tikiti maji, akatega sikio, kisha akatoa hukumu ile ile: "Ruka kwa mguu mmoja mara kumi." Ukiweza, huumwi, rudi ukazunguke ziwa. Ukishindwa, unadeka, zunguka mara mbili. Kwa tiba hiyo watatu tayari wanatembelea magongo, na wote amewabatiza jina moja: "vikombe," eti huvunjika upesi.

Jumamosi moja ya baridi kali Tamsin, mmoja wa wanariadha wake, alimletea picha ya eksrei ya mguu wake. Kocha akaiinua juani, akauona ufa mwembamba, akalamba kidole gumba na kuusugua.

"Vumbi hili."

"Ni ufa, kocha. Daktari kasema nimekimbia kupita kiasi."

"Huyo daktari kakimbia lini? Haya, ruka tuone."

"Anza wewe, kocha. Kwa huo wa kushoto."

Mguu huo wa kushoto ndio anaouburuta kocha kila asubuhi kwenye ngazi za kibanda cha klabu, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumuuliza. Kocha akautazama, akafunga chupa yake ya chai polepole, akapuliza filimbi, na kwa mara ya kwanza tangu Tamsin ajiunge, akatangaza mapumziko.