Zabibu na Mpishi wa Ikwiriri

Zabibu ndiye msimamizi wa migahawa mitatu ya chipsi kuku, ya Kibiti, Ikwiriri na Mohoro. Ule wa Ikwiriri ulipokosa kiongozi, alimteua Warda, aliyekuwa mke mwenzie kabla mume wao hajawaacha wote wawili. Watu walimshangaa, lakini Zabibu hakuwa amemwona mpishi mwingine wa kumfikia.

Alipokwenda kukagua mara ya kwanza, alikuta mafuta ya kukaangia yamekuwa meusi tii. Wafanyakazi wakasogea pembeni, wakingoja ugomvi.

"Najua utasema nakufanyia makusudi, dada," Warda alisema, macho chini.

"Ya nyumbani tuliyaacha kwa yule bwana," Zabibu akamjibu. "Haya mafuta tuyamwage, na siku nyingine uyabadilishe mapema."

Yalipopoa, wakalibeba karai pamoja, huyu huku na huyu huku. Kisha Warda akakaanga chipsi upya, akamwekea sahani mbele.

"Chumvi imepungua," Zabibu alisema.

Warda akaangua kicheko. Zamani kicheko hicho, kikivuka ukuta, kilimnyima Zabibu usingizi. Safari hii alijikuta akicheka naye, akaisogeza sahani katikati ili wale pamoja.